Usiulize Dola Ngapi, Uliza Harusi Ngapi

Mpiga picha wa kwanza niliyemjua alikuwa akifika Burungu, kijijini kwetu Masisi, mashariki mwa Kongo, kwa miguu. Alitokea upande wa Kitchanga siku za soko, begi la ngozi likining'inia kifuani, nyuma yake msururu wa watoto, nami mmoja wao. Alitundika kitambaa cha buluu kwenye ukuta wa mbao, akamkalisha mtu kitini, akamwambia asipepese macho. Filamu yake ilikuwa na picha 36. Haikusafishwa mpaka ziishe zote, wala haikusafishiwa kwetu. Ilipanda lori la viazi au la ng'ombe, ikapita Kilolirwe, Mushaki na Sake, mpaka Goma. Mwaka 1992 alimpiga mama yangu amembeba mdogo wangu mgongoni, mimi nimeshika kitenge chake. Picha ile tuliingoja wiki sita.

Siku alipoileta nilimuuliza kwa nini hahamii Burungu ili tusiwe tunangoja hivyo. Akaniambia, "Mtoto wangu, huku kuna sura za watu. Dawa ya kusafishia picha iko Goma, na mwenye dawa ndiye anakula."

Filamu zimekwisha kwa wengi wetu na dawa ile hatuitafuti tena. Swali lakini halijakwisha. Mwezi uliopita kijana wa kwetu Burungu alinifuata kibandani kwangu, kamera yake ameifunga kwa kitenge ndani ya mfuko wa unga. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Yaya, niko na kamera. Niende mji gani wenye maisha ya bei nafuu, nifanye kazi hii niishi nayo?" Alikuwa ameambiwa mengi: Kampala vitu ni rahisi, Butembo nyumba hazina bei, Kigali umeme haukatiki, Nairobi ndiko kwenye pesa. Mimi nimekula kwa kamera karibu miaka 20, na baadhi ya miji hiyo nimeilalia njaa. Niliyomwambia siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Kipimo cha harusi

Mtu akitafuta mji wa nafuu huuliza kodi ya nyumba, bei ya mkaa na bei ya unga. Maswali hayo yanamfaa mwenye mshahara, maana mshahara wake anaujua kabla hajafungasha. Mpiga picha hana mshahara. Kila mji unampangia bei yake ya kazi, hivyo kodi peke yake haimwambii lolote.

Mimi napima kwa harusi. Nachukua kodi ya mwezi, kisha natazama kinachobaki mkononi baada ya harusi moja, nikiwa nimekwisha kutoa fedha ya albamu, ya msaidizi, ya motari na ya kuchaji betri. Halafu nauliza: kodi yangu ni harusi ngapi? Mji ambao harusi moja inalipa kodi na kubakiza kitu, huo kwangu ni wa nafuu, hata kama wapangaji wengine wanaulalamikia. Mji unaonidai harusi tano ili nilipe chumba ni ghali, hata chumba hicho kikiwa nusu ya bei ya kule nilikotoka. Asiyepiga harusi atumie kazi yake kuu: siku ya kazi na shirika, picha iliyonunuliwa na gazeti, au zile picha ndogo za vitambulisho.

Wakubwa wa kazi hii walilijua jambo hilo zamani. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, katika mji wa bandari na wa kasri, uliojaa watu waliotaka kuonekana wamevaa vizuri. Jean Depara, mzaliwa wa Angola, alijenga jina lake Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa kuwa baa na muziki wa usiku vilikuwa huko. Alimpiga picha Franco na mji mzima uliokuwa ukicheza nyimbo zake. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akaanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, kisha akaihamishia Nairobi, kwenye ndege za kwenda kila upande na mashirika ya habari ya dunia. Kutoka huko alizifikia habari kubwa za Afrika, hata ile njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ambayo picha zake ziliitikisa dunia. Kila mmoja wao alikaa palipokuwa na watu waliohitaji picha zake.

Goma, mji wa mawe meusi

Niliingia Goma mwaka 2006. Miaka minne kabla, Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilikuwa imemwaga lava iliyokata katikati ya mji mpaka ziwani, na watu walikuwa wanajenga upya juu ya mawe yale yale. Nilipata chumba cha mbao Ndosho kwa dola 20 kwa mwezi. Bei hiyo iliniridhisha mpaka komisyonere alipofungua mdomo. Garanti ya miezi 3, yaani dhamana anayoshika mwenye nyumba, kodi ya mwezi wa kwanza, na mwezi mmoja wa kwake yeye aliyenitafutia. Dola 100 kabla sijatundika nguo ukutani. Kijana wa kijijini akitaka kuhamia mji, garanti ndiyo mlima wake wa kwanza, na ndiyo watu husahau kumtajia. Leo sheria ya nchi yetu ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza garanti kuzidi miezi 3 kwa nyumba ya kukaa na miezi 6 kwa nyumba ya biashara. Ijue sheria hiyo kabla hujakaa mbele ya mwenye nyumba, umwambie kwa heshima.

Miaka mitatu nilibeba mizigo ya wapiga picha wengine. Mwaka 2009 nikanunua Canon 1000D ya mkono wa pili, ile tunayoiita okazioni, pamoja na lenzi moja ya milimita 50. Lenzi hiyo haikuvuta watu waje karibu. Ilinilazimu mimi nitembee niwafikie. Nayo inapokea mwanga mwingi, na hilo lilinifaa kwenye kumbi zenye taa mbili tu.

Goma ilinifundisha kazi kwa ukali. Ardhi yake ni nyeusi. Kamera ikitazama bibi harusi aliyesimama juu ya mawe ya volkano inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na shela jeupe linageuka karatasi tupu isiyo na mkunjo hata mmoja. Harusi yangu ya kwanza niliiharibu hivyo. Baada ya pale nikajifunza kupunguza mwanga kwa mkono, na kuwapeleka maharusi kando ya ziwa, Himbi, ambako maji yanarudisha nuru laini usoni. Miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, vumbi linaficha milima. Mvua ya kwanza ikinyesha, Nyiragongo inaonekana kama umeipanguza kwa kitambaa.

Wateja wa Goma hawaishi, na kila msimu una wake. Jumamosi ni harusi, na kabla ya harusi kuna dote, pale familia mbili zinapokutana kwa mahari. Kwaresima ikiingia, ndoa za Wakatoliki zinapungua, hapo tunashikilia ubatizo na matanga. Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, vijana waliofaulu wanamwagiana poda nyeupe barabarani, na kila mmoja anataka picha kabla poda haijafutika. Vyuo vinatunuku shahada. Mashirika ya misaada yalitaka picha za ripoti zao. Na kila siku ya Mungu kuna picha ndogo, nne kwa karatasi moja, za shule, za pasipoti, za hati za komine. Harusi ni sherehe. Picha ndogo ndizo uji wa asubuhi.

Umeme ulikuwa kidonda. Ndosho tulipeleka betri kwenye nyumba za kuchaji, tukalipa kwa faranga, na mara nyingine kuzikuta zimejaa nusu. Mwaka 2015 kituo cha umeme wa maji cha Matebe, kule Rutshuru, kilianza kutoa umeme unaotoka Hifadhi ya Virunga, na ulipofika Goma baadhi ya mitaa ilipumua. Wenzangu wengi hata hivyo waliendelea kutunza sahani ya jua juu ya bati. Intaneti nayo ilitupeleka karibu na mpaka wa Gisenyi, wengine wakiwa na kadi ya simu ya Rwanda mfukoni, maana gazeti la mbali likitaka picha linaitaka saa ile ile.

Kampala, bei ndogo na njia ndefu

Tarehe 20 Novemba 2012 Goma ilitekwa na waasi wa M23. Nilipita Bunagana na begi moja, nikaingia Uganda, nikafika Kampala. Nilikuwa na hakika nimefika kwenye nafuu. Chakula kilikuwa rahisi, sokoni palijaa kamera za mkono wa pili kutoka Dubai, na kulikuwa na mafundi wa kufungua lenzi iliyoingia ukungu wakaisafisha ukiwa umesimama hapo. Karatasi za picha, wino, betri, vyote bei yake ilikuwa chini kuliko Goma, kwa sababu vyetu vingi vilipita huko huko kabla ya kutufikia, na kila mpaka uliongeza mkono wake.

Nilipanga chumba Katwe kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Daftari langu la mwaka 2013 bado ninalo. Limeandika kwamba siku moja ya harusi, nikiwa msaidizi wa mwenye studio, ilinipa shilingi 30,000. Kodi yangu ilikuwa harusi tano. Miezi mingine sikuzipata tano. Harusi tatu hazijalipwa mpaka leo.

Kwa nini sikupiga harusi zangu mwenyewe? Kwa sababu harusi haitolewi kwa mwenye kamera nzuri. Inatolewa kwa mtu ambaye shangazi wa bibi harusi anamjua. Kule Buganda sherehe kubwa ni kwanjula, mchumba anapotambulishwa kwa wazazi wa msichana. Shangazi, ssenga, anapita katikati ya wageni kumtafuta mume na kumtambulisha mbele ya familia. Tendo hilo linakwenda upesi na halirudiwi. Mzaliwa wa pale anajua ssenga atasimama upande gani. Mimi niliyekuwa sijui Kiganda nilikuwa nikikimbia nyuma ya migongo ya watu. Mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo niliisoma shuleni Kitchanga, nikaielewa Kampala.

Siilaumu Kampala. Nilijifunza kusahihisha rangi kwenye kompyuta, nikajifunza kuandika mkataba, nikaona wapiga picha wa habari wakiheshimiwa: tuzo yao ya Uganda ilikuwa imeanzishwa mwaka 2012 huo huo. Kwa mtu anayetaka ufundi na vifaa, miezi 6 Kampala ni shule isiyo na ada. Kwa mtu anayetaka kula kwa kamera, ajipe miaka ya kujulikana, na fedha ya kuila miaka hiyo.

Novemba 2013 vita ile iliisha. Februari 2014 tamasha la Amani lilifanyika Goma kwa mara ya kwanza, kwenye Collège Mwanga. Nilirudi kwa ajili yake. Siku tatu nilipiga picha za watu wakicheza katika mji uliokuwa ukilia mwaka mmoja nyuma, na kwa siku hizo tatu nilipata kazi za miezi miwili. Watu waliniita kwa jina la mama yangu. Nikabaki. Nyumba yangu ya mwaka huo, Katindo, ilikuwa dola 60. Harusi moja, nikitoa gharama zote, ilinibakizia dola 80. Hesabu hiyo haina haja ya mwalimu.

Miji mingine niliyoiuliza bei

Butembo nilikaa miezi miwili. Ni mji wa wafanyabiashara, uliojengwa kwa fedha ya wenyewe, bidhaa zake zikipitia Kasindi kutoka Uganda. Nyumba ni nafuu kuliko Goma, na mfanyabiashara akioza binti yake anataka albamu nene. Kwa mpiga picha mwenye Kinande kinywani na ndugu ndani ya mji, Butembo inaweza kuwa mji wa nafuu kupita yote niliyoitaja. Mimi sikuwa na kimoja kati ya hivyo viwili. Kisha kuna barabara: kilomita kama 300 kutoka Goma, zinazopita Rutshuru, Kanyabayonga na Lubero. Njia ikifungwa na vita, vifaa vyako na wateja wako vinakuwa upande mmoja na wewe upande mwingine.

Bukavu ni mji wa milima na nyumba zilizobanana kwenye miteremko. Una vyuo, una maaskofu, una familia kongwe zinazopenda picha. Kwa mtu wa Kivu Kusini ndiyo Goma yake. Mimi niliuona kama Kampala ndogo: kila mlango ulikuwa na mpiga picha wake tangu babu.

Kigali umeme upo na barabara ni safi. Kazi ya mikutano na ya makampuni ipo pia, ila inadai karatasi za biashara, kifaa kizuri na Kinyarwanda au Kiingereza cha kuandikia ankara. Kodi ya chumba cha heshima inamtisha anayeanza. Nairobi ina mashirika ya habari, matangazo na filamu. Mpiga picha aliyekwisha kupata jina anaweza kupata kwa siku moja kile sisi tunachopata kwa mwezi. Asiye na jina atakuwa mmoja kati ya wengi mno wanaosubiri simu. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na milango inafunguka kidogo kidogo, lakini kuvuka mpaka ni jambo moja na kupata mteja upande wa pili ni jambo jingine.

Mwaka mipaka ilipofungwa

Ikiwa kuna mwaka ulionithibitishia kwamba mahali ulipo ni mali, ni 2020. Korona ilifunga mipaka. Wapiga picha wa kigeni waliozoea kushuka Goma kwa wiki mbili hawakuweza kuja. Mwaka huo tuzo ya Carmignac ya picha za habari ilikuwa imempa Finbarr O'Reilly kazi ya kuitazama Kongo. Njia zilipofungwa, kazi ile ikageuzwa ikaitwa Congo in Conversation, na kamera zikashikwa na Wakongo wenyewe waliokuwa tayari mahali pao: Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo, Arlette Bashizi, Raissa Karama Rwizibuka, Justin Makangara na wengine. Dunia iliiona Goma na Bukavu kwa macho ya watoto wa Goma na Bukavu. Mwaka huo huo Pamela Tulizo wa Goma alishinda tuzo ya Dior ya vijana kwa mfululizo wake wa picha za wanawake wa mji wetu.

Wengine kati yao walipitia Yole!Africa, kituo cha sanaa ambacho Petna Ndaliko Katondolo alikianzisha Kampala mwaka 2000 na kukileta Goma baadaye. Mtu anayechagua mji na aulize pia hilo: pana mahali pa kukaa na wenzangu, kuazimana lenzi, kuambiana bei ili tusiuane kwa kushushiana? Mji usio na wenzako unakulisha upweke, na mpiga picha mpweke hushusha bei yake kila mwezi bila kujua.

Hesabu ya mji wenye hatari

Sitaki kumdanganya kijana yeyote kwamba Goma ni mahali pa raha. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena. Siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa 10 ya mji ihame. Nilikwenda Sake, kilomita 25 hivi, katikati ya umati, na kitu nilichobeba kabla ya godoro kilikuwa diski mbili za picha. Watu waliokuwa hawana picha nyingine ya ndoa yao walikuwa ndani ya diski zile.

Kisha M23 wakarudi na vita ikapanda kwetu. Mwishoni mwa Januari 2023 Kitchanga ilitekwa, na barabara yetu ya Burungu ikawa barabara ya watu wanaokimbia na magodoro kichwani. Desemba mwaka huo uchaguzi haukufanyika Masisi. Kwa msomaji wa mbali hilo ni jambo la siasa. Kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Asiyeandikishwa hana karatasi ya kumwonyesha yeye ni nani. Wakimbizi wa Masisi waliokuwa kwenye kambi za Bulengo na Lushagala walikuja kwangu kwa picha ndogo, wapate hati ya kupotelewa na vitambulisho. Mama mmoja wa kwetu alikaa kitini akaniambia, "Unipigeko vizuri, mtoto wangu. Zote ziliungua." Nilimpiga bila malipo, na siku ile nilifahamu kwa nini nilizaliwa Burungu nikapewa kamera.

Januari 2025 Goma yenyewe ilitekwa. Benki zilifunga, uwanja wa ndege ukafungwa, mashirika mengi yakaondoka na kazi zake. Harusi zilipungua na bei ya harusi ikashuka. Mwenye nyumba naye aliona nyumba tupu zikiongezeka, akapunguza. Fedha tukazipokea kwa simu. Daftari langu la mwaka huo linasema kodi ilikuwa harusi mbili. Ndiyo mwaka mbaya kuliko yote niliyofanya kazi Goma, na bado ni chini ya nusu ya kile nilichodaiwa Kampala katika mwaka wa kawaida.

Daftari kabla ya begi

Kwa hiyo nilimwambia yule kijana mambo haya, nawe msomaji unayetafuta mji wa kufanyia kazi hii, wa Kivu au wa kwingine, nakuambia hayo hayo.

Kabla ya kuhama, nenda ukakae mwezi mmoja bila kupanga nyumba. Lala kwa ndugu. Hesabu harusi za Jumamosi nne kwa kusimama nje ya makanisa, na uulize wapiga picha watatu wanabakiza kiasi gani. Andika kodi, gawanya kwa kinachobaki.

Uliza garanti mapema, na uwe nayo yote pamoja na chakula cha miezi 3. Ada za patenti na vibali ziingie kwenye hesabu kabla mtoza ushuru hajakukumbusha. Ujue mji huo unakataza kupiga nini: kambi za jeshi, madaraja, viwanja vya ndege. Picha moja ya namna hiyo inaweza kukugharimu kamera, na zaidi ya kamera. Kama unataka kazi ya habari, tafuta kadi ya UNPC, umoja wa waandishi wa habari wa Kongo, kabla ya kwenda uwanjani.

Nunua vifaa mji mmoja, ule mji mwingine. Kampala kuna lenzi, Goma kuna wateja wangu. Hakuna sheria inayosema vyote vitoke mahali pamoja.

Na nakala za picha zilale mji wa tatu. Hili nalisema kwa uchungu. Ile picha ya mama yangu ya mwaka 1992 iliungua pamoja na nyumba yetu mwaka uliofuata, vita iliyoanzia Walikale ilipoingia Masisi. Nilipofika Goma mwaka 2006, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtafuta yule mzee wa kitambaa cha buluu, nikijua anatunza negativu zake. Nilimpata. Negativu zilikuwa kwenye duka lake, na lava ya 2002 ilikuwa imepita juu ya duka. Mama amekwisha kufariki. Sura yake sina. Leo picha zote ninazopiga zina nakala Goma, nakala kwa ndugu yangu Kampala, na nakala kwenye intaneti. Gharama ya hizo nakala naihesabu ndani ya kodi.

Yule kijana alisikiliza mpaka jua likazama. Hakwenda Kampala. Amepanga kona ya kibanda Ndosho, mahali watu wengi wa Masisi wanapofikia, kwa dola 30 kwa mwezi, na ameanza na picha ndogo peke yake. Kila karatasi ya picha nne inambakizia nusu dola, hivyo kodi yake ni karatasi 60. Jumapili alinipigia simu kunisomea daftari lake. Wiki ya kwanza amepiga karatasi 22.